Ishara ya Kusimama

Katika kazi ya kreni kila ishara ina mwenyewe. Kupandisha, kushusha, kuzungusha mkono wa kreni kushoto au kulia, hayo yote huamriwa na mtu mmoja tu, yule mtoa ishara anayesimama chini na kumwongoza dereva aliye juu kibandani. Mwingine akijitia kuamuru, dereva humtazama kama anavyowatazama ndege. Lakini ishara ya kusimama ni ya wote. Mpika chai, mlinzi wa lango, hata mgeni aliyeingia kwa kukosea njia, akinyoosha mikono yake miwili pembeni, viganja vikitazama chini, dereva hana budi kuusimamisha mzigo papo hapo. Na aliyesimamisha haulizwi kwa nini. Watu husubiri mpaka yeye mwenyewe aridhike na ashushe mikono, ndipo kazi iendelee.

Hakuna aliyeisimamia sheria hiyo kwa ukali kuliko Kiranja.

Jina hilo alilipata katika shule ya bweni, alipokuwa kiranja wa bwalo la chakula. Inasimuliwa kwamba siku moja binti wa mwalimu mkuu alipita mbele ya wenzake na sahani yake, na Kiranja akamshika bega, akamgeuza, akamsindikiza mpaka mwisho wa foleni bila kumwambia neno. Mwalimu mkuu aliyaona hayo dirishani, akanyamaza. Kuanzia hapo jina lake la ubatizo likawa la vyeti tu. Alikuja kuolewa na mwokaji mikate, akapata watoto wawili ambao sasa nao walikuwa bwenini, na akawa dereva wa kreni ndefu kuliko zote katika ule ujenzi wa jengo la ofisi. Watu wakaendelea kumwita Kiranja, naye akaendelea kuitika.

Mtoa ishara wake alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, aliyeitwa Mikono. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu wote wawili walipokuwa na meno yao yote. Mikono alikuwa na desturi ya kuweka kikombe chake cha chai juu ya rundo la mbao na kukisahau, na desturi ya pili ya kumlaumu kila mtu kwa kukinywa.

Siku ya ajali, Kiranja alikuwa akipandisha bamba la zege ambalo lingekuwa ukuta wa ghorofa. Mkanda wa kulifungia ukakatika. Bamba likaanguka na kujikita ardhini, hatua moja kutoka pale alipokuwa amesimama Mikono. Vumbi lilipotulia, Mikono aliinuka, akajipangusa magoti, akauliza nani amekunywa chai yake. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kiranja naye alicheka kwenye redio ya mawasiliano kibandani, akamaliza zamu yake, akarudi nyumbani, akala, akalala.

Asubuhi iliyofuata alifika katikati ya ngazi ya kreni, na hapo mikono yake ikakataa kuachia chuma. Aliiamuru. Ilikataa. Aliikemea kama alivyokuwa akiwakemea wanafunzi wa kidato cha kwanza, ikazidi kukaza. Mikono alipanda nyuma yake, akamshusha kipago kwa kipago, akimsimulia njia nzima habari za mbuzi wa jirani yake ambaye alikuwa hana adabu.

Uchunguzi ulimsafisha Kiranja: kosa lilikuwa la mkanda. Lakini mikono yake haikuwa imeusoma uchunguzi huo.

Msimamizi wa ujenzi hakuwa mtu mbaya. Alimleta dereva wa muda kutoka kwingine, akamweka Kiranja chini awe msaidizi wa Mikono, kisha akamwita pembeni. "Jengo likifika ghorofa za mwisho tutainua kreni kwa kuiongezea vipande," alimwambia. "Atakayepanda nayo siku hiyo ndiye atakayekaa nayo mpaka mwisho wa kazi, na ndiye nitakayehama naye kwenda kazi nyingine. Kile kiti nataka ukalie wewe. Lakini siwezi kukiacha wazi milele."

Kiranja alijibu kwamba atakikalia. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya juma.

Kisha alikwenda hospitali ya serikali, kwa sababu hakuwa mtu wa kuuonea haya ugonjwa. Daktari alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba hali yake ina jina na ina tiba, na kwamba tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Ila mtaalamu katika hospitali ile alikuwa mmoja, na waliokuwa wakimsubiri walikuwa wengi. Tarehe aliyopewa Kiranja ilikuwa ng'ambo kabisa ya siku ya kuinua kreni.

Ulikuwepo mlango mwingine. Juu ya duka la miwani, mtaa wa pili kutoka kiwanda cha mikate cha mumewe, palikuwa na mtaalamu wa binafsi aliyekuwa tayari kuanza juma lilelile. Malipo yake yangemeza fedha zote zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya joko jipya.

"Joko litasubiri," mumewe alisema. Walikuwa nyuma ya duka lao la mikate, alasiri, akikanda unga huku mlango wa joko la zamani ukiwa umeegemezwa tofali kama kawaida yake. "Limesubiri miaka na halijawahi kulalamika. Wewe unalalamika usingizini."

"Nasema nini?"

"Unasema 'shusha, shusha'. Mimi naamka nashusha mguu wangu."

Wifi yake, aliyekuja kuchukua mikate ya kuuza, alikuwa akihesabu vitambaa vya kufunikia huku masikio yake yakiwa kazini. "Hebu nielewesheni," alisema. "Mtu anakaa kwenye kiti. Anakusikiliza. Anakuuliza mama yako alikuwaje. Halafu analipwa? Mimi nimekusikiliza tangu uolewe humu, wifi, na sijapewa hata mkate wa jana."

"Hujanisikiliza, wifi. Huwa unangoja zamu yako ya kusema."

"Na bado haijafika."

Mume alicheka, akaugeuza unga. "Mama watoto, nijibu mimi. Kwa nini hutaki?"

Kiranja aliweka kikombe chini. "Kuna watu mbele yangu," alisema. "Wapo walioumia kabla yangu, na wapo walioumia kuliko mimi. Nikitoa pesa nikawapita, mimi ni nani? Ni yule binti na sahani yake. Nilimrudisha nyuma mbele ya bwalo zima. Sasa nijiache mwenyewe?"

"Ile sahani ilikuwa inakwenda kwenye sufuria la wote. Huyu mtu wa juu ya duka la miwani hapakui kwenye sufuria la hospitali."

"Foleni ni foleni, baba watoto."

Mumewe alimjua. Alijua kwamba akisema jambo mara ya pili kwa maneno machache kuliko mara ya kwanza, mlango umeshafungwa. Akarudi kwenye unga wake. Wifi akafunga mikate, akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kutosikika, kwamba kuna watu walipaswa kuolewa na shule zao.

Basi Kiranja akangoja. Na wakati akingoja, alifanya kazi chini.

Siku ya kwanza alisimamisha mzigo mara moja. Fungu la nondo lilikuwa likipita juu ya njia, naye akaona, au akadhani ameona, mkanda ukisogea. Akanyoosha mikono. Dereva wa muda akasimamisha. Mikono akaenda kutazama, akakuta kila kitu kimekaa sawa, akarudi bila neno. Kiranja akashusha mikono.

Siku zilizofuata aliinyoosha tena, na tena. Akawa anasimamisha matofali, anasimamisha mbao, siku moja akasimamisha pipa tupu. Na kwa kuwa sheria ni sheria, na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wengi wao kwamba aliyesimamisha haulizwi, hakuna aliyemuuliza. Waashi walikaa juu ya ukuta wakiwa na mwiko mkononi na zege likiwakaukia. Walianza kumwita Trafiki, mbali na masikio yake, kisha karibu na masikio yake.

"Dada, nimesimama," dereva wa muda alikuwa akisema redioni kwa heshima zote. "Nitasimama tu. Mke wangu mumwambie nilikuwa mtu mwema."

Msimamizi alipita, akatazama juu, akatazama chini, akapiga ulimi kwenye meno, akaenda zake. Angemwambia nini? Kumkaripia mtu kwa kusimamisha mzigo ni kuwafundisha wengine wote wasisimamishe.

Kiranja hakuwa kipofu. Aliona kwamba kazi inachelewa, akaona pia kwamba mikanda yote iliyomtia shaka ilikuwa mizima. Lakini alijiambia kwamba tahadhari haijawahi kumuua mtu, na kwamba tarehe yake itafika kama tarehe zote zinavyofika. Kichwa alikishika juu kama siku zote.

Kisha ikaja siku ya upepo. Ndoo kubwa ya zege ilikuwa njiani kuelekea ghorofa ya juu, waashi wakiwa pembeni wakisubiri ipite, na Kiranja akanyoosha mikono. Ndoo ikasimama hewani. Mikono akaikagua kwa macho, akamtazama Kiranja, akangoja. Waashi wakangoja. Upepo ukaanza kuisukuma ndoo, kwanza kidogo, kama mtu anayejaribu mlango, kisha ikaanza kubembea upana wa ukuta mzima, zege likimwagika ukingoni. Waashi wakatawanyika wakiwa wamefunika vichwa. Dereva akaita redioni, mara hii bila utani: "Naomba kushusha. Dada, naomba kushusha."

Kiranja alitaka kuishusha mikono yake. Ilikuwa imekataa, vilevile kama ilivyokataa kwenye ngazi.

Mikono alikuja akasimama ubavuni pake. Hakumgusa, wala hakumkinga asionekane na dereva, kwa kuwa hilo lingekuwa kuvunja sheria. Alisema tu, polepole, "Dada. Mzigo uko hewani."

Hiyo ni sheria ya pili ya kreni, na kila dereva huijua kabla hajaruhusiwa kugusa mtambo: mzigo hauachwi ukining'inia. Unapanda au unashuka. Dereva akiumwa, akiitwa, akikasirika, kwanza auweke chini. Kiranja alikuwa ameitii kwa miaka yake yote kibandani. Sasa ilimwingia masikioni, ikashuka mpaka mabegani, na mikono yake ikateremka mpaka ikafika kwenye mapaja. Ndoo ikashushwa. Hakuna aliyeumia. Mwashi mmoja aliokota kofia yake iliyojaa zege, akasema sasa anayo ya chuma na ya mawe.

Jioni ile Mikono alifika dukani. Mume wa Kiranja alimkaribisha kiti na mkate wa moto, na wifi, ambaye hakukosa mgeni hata mmoja, akajikuta bado hajamaliza kufunga bidhaa zake.

"Shemeji, kula," mume alisema. "Leo mmenifanyia nini mke wangu? Kaingia kimya kama amesahau ufunguo."

Mikono alisimulia habari za ndoo kwa maneno machache. Alipomaliza, wote walimgeukia Kiranja.

"Nimekosea," alisema Kiranja. "Kesho nitamwomba msimamizi anitoe pale. Nitakaa stoo, nigawe misumari. Zamu yangu ya hospitali ikifika..."

Mikono akanyoosha mikono yake pembeni, viganja chini. Ilikuwa mirefu, na duka lilikuwa jembamba: mmoja ulipita mbele ya pua ya wifi, mwingine ukagusa rafu ya mikate.

Kiranja akakata sentensi katikati. Angeweza kufanya nini tena? Hata wifi alinyamaza, jambo ambalo kaka yake alikuja kulikumbuka kwa miaka.

"Nimesimamisha," alisema Mikono. "Sasa nisikilize. Siku ile aliyekuwa chini ni mimi. Bamba lilikuja kwangu. Na mimi ndiye ninayesimama chini kila siku, nikikutazama ukitazama mikanda. Unasema unangoja nyuma ya watu wa hospitali. Sawa, ni watu, wana haki zao. Lakini na mimi ni mtu, nangoja chini yako. Umeniachia mzigo hewani, dada, na wewe umetoka kibandani."

Tofali la joko lilisikika likipasuka kwa joto.

"Mikono yake itachoka," wifi alinong'ona.

"Imeshika nondo tangu wewe unafungwa utepe kwenye nywele," alisema Mikono bila kugeuka. "Haichoki."

Kiranja alimtazama yule mtu aliyefanya naye kazi bila kumdanganya hata siku moja. Hakulia, hakuwa wa kulia mbele ya mikate. Alikuwa akifanya lile alilokuwa akilifanya bwalo likiwa na vurugu: kurudi kwenye sheria na kuisoma tena kuanzia mwanzo. Alikuwa ameilinda sheria ya foleni na kuikanyaga ya mzigo, na mtu hawezi kujiita mwenye msimamo kwa kuchagua sheria anazozipenda.

"Shusha mikono," alisema. "Nimesikia."

"Umesikia, au umekubali?"

"Kwenye redio yetu lini vimekuwa vitu viwili?"

Mikono akashusha mikono, akaendelea na mkate wake.

Asubuhi Kiranja hakuanzia juu ya duka la miwani. Alikwenda hospitali ya serikali, akapanga foleni ya dirisha la kliniki, akasogea hatua kwa hatua kati ya watu waliokuwa wamekumbatia bahasha zao, mpaka akafika kwa muuguzi aliyekuwa na kalamu nyuma ya sikio.

"Unataka kubadilisha tarehe, mama? Hakuna za karibu."

"Nimekuja kuirudisha. Nimepata pa kutibiwa."

Muuguzi alimtazama kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoijua. "Watu hawarudishi," alisema. "Wakipata kwingine wananyamaza. Sisi siku inafika, tunaita, tunaita tena. Mtaalamu anakaa saa nzima na kiti kitupu mbele yake, na huku nje wamejaa."

"Hawakusoma shule?"

"Wamesoma sana, hao hasa."

Kiranja alikasirika kwa niaba ya foleni nzima. "Ni nani atakayepewa nafasi yangu?"

"Hilo siwezi kukwambia, mama."

"Vizuri," alisema Kiranja. "Usiniambie."

Alipogeuka, aliiona ile foleni kwa urefu wake wote, na akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelikumbuka tangu ajali. Kila Jumapili ya kutembelewa, wanafunzi walioletewa chakula na wazazi wao walikwenda moja kwa moja mezani na makapu yao. Hawakupanga foleni. Na yeye, Kiranja wa bwalo, hakuwahi kumshika bega hata mmoja wao, kwa sababu hawakumpita mtu. Walikuwa wametoka pembeni, na waliobaki walifika kwenye sufuria mapema. Miezi yote hii alikuwa ameikumbuka nusu ya sheria yake mwenyewe. Alitoka nje akicheka peke yake, jambo ambalo katika mlango wa kliniki ile halikumshangaza mlinzi.

Mtaalamu wa juu ya duka la miwani alikuwa mwanamume wa makamo, mtulivu, mwenye dirisha lililotazama mapaa. Kiranja aliketi, akaweka mkoba magotini.

"Kabla hatujaanza," alisema, "kuna ishara moja." Akanyoosha mikono, viganja chini. "Nikiifanya hii, unanyamaza. Huniulizi kwa nini. Mpaka niishushe."

Mtaalamu alifikiri. "Na mimi naruhusiwa kuifanya?"

"Yeyote anaruhusiwa."

"Basi tuanze."

Majuma ya kwanza Kiranja aliitumia sana, mpaka yule mtaalamu akajua kuyasoma mapaa yote ya mtaa. Yeye aliitumia mara moja tu, siku Kiranja alipokuwa akisimulia ajali kwa mara ya kumi kama mtu anayemsomea msimamizi ripoti. Alinyoosha mikono. Kiranja akasimama pale sentensi ilipokuwa, bamba likiwa bado hewani na Mikono akiwa chini yake, na kwa kuwa hakuwa na ripoti ya kujificha nyuma yake, aliliona likianguka. Alikaa nalo mpaka likatua. Lilimchukua muda, na kitambaa cha mtaalamu. Aliporudi nyumbani siku hiyo alilala, na mumewe hakushusha mguu.

Siku ya kuinua kreni ilipofika, mlango wa joko ulikuwa bado umeegemezwa tofali. Kiranja alipanda ngazi. Katikati, palepale, mikono yake ilishika chuma ikakaza. Aliiacha ikaze. Alipumua kama alivyofundishwa, akatazama mapaa, kisha mkono mmoja ukaachia, ukafuata mwingine. Chini, dereva wa muda alikuwa amesimama na begi lake begani, tayari kwenda kwingine, akivunja shingo kumtazama.

Mzigo wa kwanza ulikuwa bamba la ukuta, ndugu wa lile la mwanzo. Mikono alikagua mkanda, akasogea pembeni, akatoa ishara. Kiranja akapandisha. Bamba lilipofika usawa wa ghorofa ya kati, akaliona lile la siku ya ajali, akasimamisha.

"Nimesimama," alisema redioni.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Waashi waliketi ukutani na miiko yao. Msimamizi akaitazama saa yake, akauficha mkono wenye saa nyuma ya mgongo. Mikono alibaki pale alipokuwa, kichwa juu, mikono imelala ubavuni. Juu kibandani Kiranja alilitazama bamba likiwa hewani, kwa macho yake yote mawili, mpaka likarudi kuwa bamba.

"Naendelea," alisema.

Likapanda, likazunguka, likashuka kwenye nafasi yake bila kugusa ukingo. Waashi wakalipokea, wakalifungua. Redio ikakoroma, ikatoa sauti ya Mikono akisema kwamba kuna mtu amekunywa chai yake.

"Tutamtafuta saa ya mapumziko," alisema Kiranja. "Funga jingine."